Jinsi ya kutoa gesi ya AC bila kuiachia hewani

Mafundi wengi wakitaka kufungua AC ya ukutani hulegeza nati, gesi ikafuka mpaka ikaisha. Kilo moja tu ya R-410A, gesi iliyomo kwenye AC nyingi, ikitoka hivyo, kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 2 za kabonidioksidi. Naomba tuache.

1. Soma kibandiko kwenye mashine ya nje ujue ni gesi gani. R-22, gesi ya AC za zamani, ina klorini. Ikifika juu kabisa angani, miale ya jua huibandua klorini hiyo, nayo hula ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa sokoni. R-410A haigusi ozoni, ila joto inalonasa ni jingi mno, ikabanwa na makubaliano ya Kigali ya 2016. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba gesi mpya haina madhara. Ukikuta R-290 (propani), simama: inawaka, na inataka vifaa vyake.

2. Weka mtungi wa kurejeshea gesi juu ya mizani. Kila gesi na mtungi wake, maana zikichanganyika hazisafishiki kirahisi. Usipite asilimia 80: gesi iliyogeuka kimiminika hutanuka ikipata joto, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa juani unaweza kupasuka.

3. Unganisha geji za kupimia presha, vuta hewa iliyomo kwenye mipira, kisha washa mashine ya kunyonya. Mshale wa geji ukishuka chini ya sifuri, zima usubiri dakika kumi. Ukipanda tena, bado kuna gesi ndani ya oili, nyonya upya.

4. Tafuta panapovuja. Hapa usiwe na haraka, kwani kujaza gesi kwenye paipu inayovuja ni kuipeleka hewani kidogo kidogo, na mteja analipia kila mara. Jaza naitrojeni kavu, kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na oili hulipuka. Paka povu la sabuni kwenye nati na viungo, halafu tulia uangalie. Tundu dogo hutoa vipovu kama punje za mtama, vikijikusanya taratibu upande mmoja wa nati.

5. Ziba, vuta vakyumu (utupu) hadi mikroni 500, kipimo cha hewa iliyobaki ndani, kisha jaza kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. R-410A iingie ikiwa kimiminika, si mvuke, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili.

Gesi uliyoinyonya, ikiwa safi, irudishe kwenye mashine ileile. Kama kompresa (pampu inayosukuma gesi) iliungua, andika kwenye mtungi jina la gesi na neno "chafu", uitunze mpaka ipate pa kusafishwa.