Namna ya Kuusoma Mwisho wa Anna Karenina Barazani

Riwaya hii ya Tolstoy, mwandishi Mrusi, iliyotoka kama kitabu mwaka 1878, ina sehemu nane, na Anna, mhusika mkuu, hujitupa chini ya treni na kufa mwishoni mwa ile ya saba. Kwa hiyo anayeongoza usomaji, tuseme kwenye baraza la Mji wa Kale baada ya isha huku dele la kahawa likizunguka, asiwaruhusu wenzake kufunga kitabu hapo.

Rudini kwanza kwenye stesheni ya Moscow katika sehemu ya kwanza, ambako mlinzi wa reli anakufa chini ya treni siku ileile Anna, mke wa mtu, anapokutana na Vronsky, afisa wa jeshi atakayekuwa mpenzi wake. Kisha someni kwa sauti, polepole, kurasa za kifo chenyewe. Msiupite haraka ule mkoba mwekundu: unamkwaza asiliwahi behewa la kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo nafasi ambayo mwandishi anampa ya kurudi nyuma. Tazameni pia kwamba, akiwa tayari ameanguka, anashtuka na kujaribu kuinuka.

Hapo hakosekani mzee wa kusema kwamba aliyataka mwenyewe. Msibishane naye kwa jazba. Muulizeni tu kuhusu Stiva, kaka yake Anna, ambaye naye alimsaliti mkewe lakini hakuna aliyemfungia mlango kama jamii ilivyomfungia Anna.

Malizieni kwa sehemu ya nane, ambamo Vronsky anakwenda vitani Serbia na mtoto wa kike aliyezaa na Anna analelewa na Karenin, mume wa Anna.