Kutoka Lamu hadi Marseille: kuzunguka mji bila teksi

Metro (treni ya chini ya ardhi) ya Marseille, Ufaransa, ina njia mbili tu, M1 ya buluu na M2 nyekundu, zinazokutana Saint-Charles (ilipo stesheni ya treni) na Castellane. Kabla ya kupanda, soma jina la kituo cha mwisho. Ndilo linaloonyesha treni inaelekea wapi. Tiketi igonge mashineni kila unapopanda, hata ukibadilisha basi. Wageni wengi hutozwa faini hapo: tiketi wanayo mfukoni, kuigonga wamesahau.

Kwenda Notre-Dame de la Garde, kanisa lililo juu ya mlima, chukua basi la 60 pale Vieux-Port, yaani bandari ya zamani. Mlima ule si wa makubadhi. Kuvuka bandari yenyewe kuna kivuko kidogo, safari fupi kuliko Lamu hadi jeti ya Manda.