Kisiki hai: pogoa kabla upepo wa Agosti haujaanza

Njoo shambani kwangu Chamwino, Dodoma, mwezi wa Septemba, saa nane mchana, uone chamchela tatu nne za vumbi zikizurura kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Lile vumbi ni udongo wangu wa juu, ule wenye rutuba. Unaenda kutua kwenye majani ya migunga ya kilimani mpaka yanakuwa ya kijivu, na jani lililofunikwa vumbi halipati mwanga wa kutosha. Mti wenyewe una kiu tayari: huku hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na siku hizi mvua inachelewa, kisha inakata Februari mtama ukiwa bado haujabeba.

Ili kurudisha miti nilianza kwa kupanda miche 60, nikibeba maji kwa ndoo kichwani. Ilipona minne. Mzee mmoja jirani akanicheka: "Mwanangu, unahangaika na vichanga, na watu wazima unao hapo chini?" Alimaanisha visiki hai, yaani visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua. Mizizi yake ilishafika kwenye unyevu zamani.

Mimi huanza Juni, mavuno yakishaingia ndani. Tafuta kichaka kinachochipua kwenye kisiki: mkole, mlama, mgunga, vyote vinafaa. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, kipo hai. Chagua machipukizi matatu yaliyonyooka na manene, mengine yakate karibu kabisa na kisiki. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu, la sivyo gome linachanika hadi kwenye shina unalotaka kulitunza. Halafu ondoa matawi ya nusu ya chini tu. Mwaka wa kwanza mimi niliacha shina moja, nikalipogoa hadi shingoni, likabaki fimbo yenye kofia. Upepo wa Agosti ukalilaza chini.

Funga kipande cha kanga chakavu kwenye shina, wachungaji wajue lina mwenyewe. Hata hivyo nenda ukaongee nao, kitambaa hakimzuii mbuzi. Wangu niliwaambia maganda ya mgunga yakianguka kiangazi watakuja kuokota bure. Tukaelewana.

Matawi uliyokata usiyachome. Ya miiba zungushia kisiki. Yaliyobaki yalaze penye upara, mstari wa kaskazini kwenda kusini, maana upepo wetu hutoka mashariki. Baada ya wiki inua tawi moja: utakuta vumbi laini kama unga wa uwele, na ndani yake mbegu za nyasi. Mabua ya mtama nayo yaache yamesimama.

Mwaka unaofuata rudi na panga, kwa sababu kisiki kitachipua tena pembeni. Punguza. Mkole wangu wa kwanza sasa umenipita kimo, na chini yake ndipo ninapofunga mbuzi wangu mwenyewe, kwa kamba fupi.