Kompyuta ya Mezani Inapozimika Ghafla

Kabla ya kufungua kasha, angalieni kwanza namna kompyuta inavyozimika. Ikikatika papo hapo bila ujumbe wowote, shukuni umeme au joto. Ikionyesha skrini ya buluu yenye maandishi, iandikeni ile namba ya kosa, maana mara nyingi huelekeza kwenye kumbukumbu (RAM), diski au programu ya kuendeshea kifaa fulani.

Hapa Goma mimi huanza na vumbi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo hupenya hata dirisha lililofungwa, na juzi nilipofungua kasha moja huko Katindo nilikuta mapezi ya kipoza joto yamezibwa kama blanketi, huku feni ikizunguka bure. Kichakataji (CPU), yaani ubongo wa kompyuta, kikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, kisha mashine hujizima ili kisiungue. Chomoeni waya wa umeme, shikeni feni kwa kidole isizunguke, ndipo mpulize vumbi au mlisugue kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye maji, hapana.

Mashine ikizidi kuzimika hasa majirani wanapowasha pasi, pimeni umeme wa ukutani, ambao unapaswa kuwa karibu na volti 220, na mtumie kirekebisha volti. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kasha la kompyuta (power supply) msikifungue kamwe, kwa kuwa hubaki na chaji hata kikichomolewa.

Mkishuku kumbukumbu (RAM), na vipande vyake vikiwa viwili, jaribuni kimoja kimoja.