Kutoka oili ya mchanganyiko kwenda sinthetiki kamili (Probox, injini ya 1NZ): soma kabla hujauliza

Asalaam aleikum wadau. Kila wiki naulizwa kama ni salama kuhama kutoka oili ya mchanganyiko (nusu sinthetiki) kwenda sinthetiki kamili, kwa simu, msikitini, mpaka kwenye foleni ya petroli, sasa naandika mara moja yaishe.

Oili ya mchanganyiko yenyewe ina sinthetiki ndani, hazigombani. Kile kidogo kinachobaki injini hakidhuru kitu. Flashi (dawa ya kuosha injini kwa ndani) haihitajiki.

Pasha injini dakika tano, zima. Inua gari ulikalishe kwa stendi, si jeki peke yake. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni spana 14, acha oili ichuruzike mpaka iwe matone, rudisha nati na washa yake mpya, ile pete ya kuzuia uvujaji.

Sasa filta, hapa tulieni. Mimi nilitoa ya zamani nikafunga mpya, nikawasha, nikaona sawa, nikashika njia ya Mambrui, kabla ya daraja la Sabaki taa ya oili ikawaka. Nikazima papo hapo. Kuinama chini, oili inamwagika. Ule mpira wa filta ya zamani ulikuwa umegandia kwenye bloku na mimi nimefunga mpya juu yake, mipira miwili, presha ikausukuma nje. Ningeendelea hata kilomita mbili injini ingekwama. Kwa hivyo ukitoa filta igeuze, mpira wake uko? Kama haupo uko juu kwenye bloku. Pitisha kidole uzungushe chote, maana mpira mweusi juu ya chuma chenye oili nyeusi jicho halioni. Mpira mpya upake oili, funga kwa mkono, ukigusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Usikaze kwa spana!

Tia 5W-30 lita 3.5, washa dakika moja, chungulia chini, zima, ngoja kidogo, pima, jazia taratibu. Ukibadilisha na filta, jumla injini inakula lita 3.7. Mara ya kwanza badilisha kwa kilomita 5,000 hata mkebe ukisema 10,000, kwa sababu uchafu wa zamani utalegea uingie filta.

MASWALI

Mdau wa Watamu: Flashi gani nzuri?
– Hakuna flashi. Soma juu.

Mdau wa Gede: Natia lita ngapi bro?
– Imeandikwa. Na kama yako si 1NZ hiyo hesabu si yako, hujasema ni gari gani.

Dada wa Gongoni: Samahani kaka, kwetu hakuna baridi, mbona nisitie 20W-50 nzito ihimili joto?
– Umeuliza la maana dada. Ile 30 ndiyo ya injini ikishapata moto, hupimwa kwa digrii 100, na ile 5W ni ya kuwasha. Asubuhi hata Malindi injini yako ni baridi ukilinganisha na hizo 100, oili nyepesi inapanda juu haraka. Tena VVT-i, mtambo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, inasukumwa na hiyo hiyo oili kupitia vitundu vidogo, nzito inachelewa. Fuata kitabu cha gari.

Mzee wa Kakuyuni: Yangu ina kilomita laki mbili, nasikia sinthetiki inavujisha.
– Shikamoo mzee. Sili nzima haivuji. Iliyokauka ndiyo uchafu huwa umeiziba, ukisafika inajionyesha. Pangusa injini, tembea wiki moja, utazame kando ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini). Ukiona unyevu badilisha gasketi kwanza, ndipo ununue oili ya bei.

Dada wa Gongoni: Na ile chafu, nipake nguzo za banda mchwa wasile?
– Usipake dada, mvua ikinyesha inashuka mchangani na visima vyetu ni vifupi. Mimi naitia mtungini, nafunga kifuniko, nampelekea fundi wa gereji, yeye ana watu wanaoikusanya.