Kupiga pointi upya kuta za mawe za nyumba za kale za Stamford

Stamford, mji wa Lincolnshire ambao mwaka 1967 ulikuwa wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo ya kihistoria, umejengwa kwa mawe ya chokaa. Kuta za nyumba zake ndogo za zamani hazina tabaka la kuzuia unyevu. Maji yanayoingia hutoka kupitia mota ya chokaa (mchanganyiko wa chokaa, mchanga na maji) iliyo kwenye mishono, katikati ya mawe. Kupiga pointi upya ni kukwangua mota iliyooza na kujaza mpya. Ukiziba mishono kwa saruji, unyevu hutoka kupitia jiwe lenyewe, huganda msimu wa baridi, na uso wa jiwe hubanduka vipande. Mwishowe saruji hubaki imechomoza kama wavu, mawe yakiwa yameliwa nyuma yake.

Nyumba ikiwa imeorodheshwa kisheria kama jengo la thamani ya kihistoria, hata kwa Daraja la II tu, lililo la chini kabisa, ulinzi unahusu jengo zima, ndani na nje, na kulibadili kwa namna inayoathiri sifa yake bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990 kuhusu majengo yaliyoorodheshwa. Muulize kwanza afisa hifadhi wa halmashauri ya South Kesteven, ukimwonyesha picha na kipande kidogo cha mfano ukutani.

Kwangua mota iliyooza kwa patasi nyembamba na nyundo, kina kiwe mara mbili ya upana wa mshono, kisipungue milimita 25. Msumeno wa umeme wa kukatia mawe usiuguse: ukiteleza mara moja, kingo imekwenda. Saruji iliyoshika kiasi kwamba kuing'oa kutavunja jiwe iache kwanza, ingawa inaudhi macho.

Osha vumbi kuanzia juu, kisha lowesha ukuta tangu jana yake na tena kabla ya kuanza. Jiwe kavu hunyonya maji ya mota, nayo hugeuka unga.

Kwa jiwe laini namna hii, chokaa ya NHL 2 (chokaa asilia inayogandishwa na maji, ya daraja dhaifu zaidi) inatosha. Mota lazima iwe dhaifu kuliko jiwe. Changanya ndoo 1 ya chokaa na ndoo 2.5 hadi 3 za mchanga mkali, yaani wenye punje zenye kona na za ukubwa mbalimbali. Pima kwa ndoo, koleo hudanganya. Maji yawe machache: mota ishikamane ukiifinya, isichuruzike. Vaa miwani na glavu, kwa sababu chokaa huunguza.

Shindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka kwa tabaka, ukiishia ndani kidogo ya kingo zilizolika. Usiipake juu ya jiwe. Bonyeza kwa kidole gumba: kisipozama tena, piga mshono kwa ncha za brashi ngumu, usiburute, mpaka punje za mchanga zionekane.

Funika kwa magunia ya juti yenye unyevu na unyunyize maji kwa siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, usifanye kazi hii kabisa. Nyufa nyembamba zikitokea siku za mwanzo, mota imekauka upesi mno: ikwangue, uanze tena.