Presha ya Reli Ikiwa Chini, Pima Kwanza Ndipo Ununue Sensa

Injini ya dizeli ya komoni reli (reli ni bomba nene linalobeba mafuta ya presha kubwa na kuyagawa kwa nozeli, yaani vipulizia mafuta) ikikosa nguvu, na mashine ya kusoma makosa ikatoa kodi (namba ya kosa) ya presha ndogo, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha sensa, yaani kifaa kinachopima presha hiyo. Mara nyingi sensa hiyo inasema kweli: presha ni ndogo, na kazi yako ni kutafuta inakopotelea.

Kwanza, usalama. Usilegeze nati ya bomba la presha injini ikiwa inafanya kazi, wala usipapase kwa mkono kutafuta panapovuja. Hata bila kukanyaga mafuta, reli hubeba takriban baa 300 (baa ni kipimo cha presha). Kwenye mzigo, mifumo mingi hupita baa 1,600. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano tu, lakini mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 1: Tazama data, usiishie kwenye kodi. Weka pamoja presha inayotakiwa na presha halisi, kisha endesha kwenye mzigo. Zikienda sambamba injini ikiwa imetulia, halafu halisi ikaanguka unapokanyaga, shuku mafuta yanayoingia kwenye pampu au yanayovuja ndani. Ikipanda na kushuka bila mpangilio, shuku hewa au vali inayokwama.

Hatua ya 2: Ihoji sensa. Injini ikiwa imezimwa muda mrefu, washa swichi bila kupiga starta. Presha isomeke karibu na sifuri. Kwenye sensa nyingi za waya tatu, waya wa signo, unaopeleka kipimo kwenye kompyuta ya injini, utatoa kama nusu volti. Pima pia volti 5 za kuilisha, na erthi yake dhidi ya hasi ya betri: tofauti iwe karibu na sifuri. Erthi mbovu husingizia sensa nzima. Na ukikuta reli tupu inasomeka baa 200, hapo pana hatari ya kupotea njia: kompyuta itaamini presha ipo, itapunguza mafuta, na injini itagoma kuwaka ingawa pampu ni nzima.

Hatua ya 3: Upande wa presha ndogo, yaani kutoka tangi hadi kwenye pampu. Kagua chujio, maji kwenye dizeli, mpira unaonyonya hewa. Anza hapa kabla ya kugusa kitu cha gharama.

Hatua ya 4: Vali. Kwenye pampu kuna vali inayopima mafuta yanayoingia. Mifumo mingine ina ya pili kwenye reli, ya kuachia presha. Koili zake huwa na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu, basi linganisha na kitabu cha injini hiyo. Kitabu hichohicho kikuambie kama vali hubaki wazi au hufunga ikikosa umeme, kwa sababu zipo za aina zote mbili na kipimo kilekile kitakuwa na maana tofauti.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni amri ya kompyuta. Kompyuta ikiwa imeagiza vali ya pampu ifunguke hadi mwisho na presha bado ni ndogo, usiitoe kafara vali kabla ya kumaliza hatua ya 3 na ya 5. Ukiitoa ukakuta vumbi la chuma linalong'aa, pampu inajila yenyewe; vali mpya haitadumu, na vumbi hilo huenda limeshafika kwenye nozeli.

Hatua ya 5: Mafuta ya kurudi. Unganisha chupa safi kwenye njia ya kurudi ya kila nozeli, washa injini, kisha linganisha. Nozeli inayojaza chupa yake haraka kuliko wenzake inamwaga presha. Injini isipowaka, pima wakati wa kupiga starta. Kompyuta nyingi hazifungui nozeli kabla presha haijakaribia baa 200.

Ukibadilisha vali ya pampu, baadhi ya kompyuta hudai zifundishwe upya kwa mashine. Fanya hivyo, futa kodi, kisha rudia jaribio la hatua ya 1 kwa mzigo uleule kabla ya kumkabidhi mwenye gari.